Ufadhili wa sayansi kwa Wenyeji wa Asili wa Marekani: upi unamvusha mwanafunzi mwaka wa kwanza

Ukiupima kwa pesa peke yake, ufadhili wa A.T. Anderson unaotolewa na AISES, jumuiya ya sayansi na uhandisi ya Wenyeji wa Asili wa Marekani, hautamshtua mtu. Kwa miaka mingi kiwango chake kimekuwa dola 1,000 kwa anayesoma shahada ya kwanza na dola 2,000 kwa aliye kwenye uzamili au uzamivu, tena katika nchi ambayo mwaka mmoja wa chuo cha umma, ukijumlisha ada, chumba na chakula, hupita dola 20,000 bila shida. Hata hivyo, kwa kijana wa jamii za asili anayetaka uhandisi, kompyuta, kemia au hisabati, huo ndio mlango tunaomshauri abishe mwanzo. Wanafunzi wengi wa sayansi wanaoanguka huangukia mwaka wa kwanza, kwenye hisabati, huku hawana mtu wa kuwaambia kwamba kozi inaweza kurudiwa na kwamba ofisi fulani inaweza kuongeza msaada. Sisi tunaupima ufadhili kwa jinsi unavyomkuta mwanafunzi hapo, na kwa kipimo hicho baadhi ya fedha kubwa hazifui dafu.

AISES ilianzishwa 1977 na wanasayansi, wahandisi na walimu wa jamii za asili wa Marekani. A.T. Anderson, ambaye jina lake limebaki kwenye ufadhili huu ulioanza 1983, alikuwa Mmohawk, mhandisi wa kemia, na mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa jumuiya hiyo. Anayeomba anatakiwa awe mwanachama wa AISES, awe anasoma muda wote katika chuo chenye ithibati, awe kwenye fani ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, na GPA yake, yaani wastani wa alama ambao kilele chake ni 4.0, isishuke chini ya 3.0. Pamoja na fomu huambatanisha transkripti, wasifu, insha, barua za mapendekezo na hati ya kabila. Akiingia ndani anakuta zaidi ya hundi: tawi la AISES chuoni mwake, mkutano mkuu wa kila mwaka ambako waajiri na shule za uzamili hufunga safari kuwatafuta vijana hawa, msaada wa nauli na malazi kwa wanaoomba mapema, na nafasi za mafunzo kazini wakati wa kiangazi. Mafunzo kazini ya uhandisi kwa wiki kumi hulipa mara kadhaa ya ile dola 1,000. Anayeomba ufadhili kisha asihudhurie kitu chochote cha tawi amechukua sehemu ndogo kabisa ya alichopewa.

Kinachowaangusha waombaji wengi kuliko alama ni hati ya kabila, na hapa inafaa kwenda polepole.

Serikali ya Marekani inatambua zaidi ya makabila 570, na kila moja hujiwekea sheria ya nani ni mwanachama wake. Cherokee Nation haidai kiwango cha damu. Inatosha kuonyesha kwa vyeti vya kuzaliwa, kizazi baada ya kizazi, kwamba mmoja wa mababu aliandikwa kwenye orodha ya Dawes, daftari la zamani la serikali kuu la wanachama wa makabila. Navajo Nation hudai walau robo. Tuchukue mtu ambaye babu yake mmoja alikuwa Mnavajo kamili na wengine watatu hawakuwa. Yeye ana robo, kwa hiyo anaandikishwa. Akizaa na mtu asiye Mnavajo, mtoto ana thumuni, na hataandikishwa hata kama amekulia Window Rock, makao makuu ya Navajo Nation, na anazungumza Kinavajo na bibi yake kila jioni. Mtoto huyo si wa kukata tamaa, ila lazima ajue mlango wa kubisha. American Indian College Fund, iliyoanzishwa 1989 na yenye makao Denver, humkubali mtu ambaye mzazi au babu yake ni mwanachama aliyeandikishwa, na GPA ya 2.0 huwatosha. Ufadhili wa Cobell, kinyume chake, humtaka mwombaji mwenyewe awe ameandikishwa katika kabila linalotambuliwa na serikali kuu. Kujaza fomu ya Cobell ukiwa na barua ya ukoo tu ni kupoteza jioni nzima ambayo ingeandika insha ya kwingine.

Hati zenyewe ni za aina tatu. Ipo kadi ya uanachama inayotolewa na kabila. Ipo hati ya kiwango cha damu ya Ofisi ya Mambo ya Wahindi wa Marekani, inayojulikana kwa herufi zake CDIB. Na ipo barua ya ukoo, inayosema fulani ni mtoto au mjukuu wa mwanachama fulani. Waombaji huchanganya ya pili na ya kwanza. CDIB huonyesha asili ya damu. Si kila kabila huihesabu kuwa uthibitisho wa uanachama, na wafadhili nao hutofautiana. Soma sharti neno kwa neno. Ukiambiwa uanachama, peleka kadi, pande zote mbili, kwa picha ambayo namba yake inasomeka. Kipimo cha vinasaba kinachonunuliwa mtandaoni hakikubaliwi popote, kwa sababu uanachama wa kabila ni uhusiano wa mtu na serikali ya watu wake. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuliweka hilo wazi 1974 katika kesi ya Morton dhidi ya Mancari, ilipouona upendeleo wa kuwaajiri wanachama wa makabila kuwa jambo la hadhi ya kisiasa badala ya rangi. Tangu uamuzi wa 2023 uliofuta upendeleo wa rangi katika udahili, tofauti hiyo imezidi kuwa na uzito, na fomu zinazouliza kwa makini uanachama badala ya asili zina sababu yake.

Ofisi za uandikishaji za makabila mengi ni ndogo. Nyingine bado hudai fomu ya karatasi yenye muhuri wa mthibitishaji na cheti halisi cha kuzaliwa kilichotumwa kwa posta. Miezi mitatu si muda wa kushangaa. Kwa hiyo hati huanza kutafutwa mwanafunzi akiwa darasa la kumi na moja, mwaka mzima kabla ya maombi. Angalia pia jina: kadi ikiwa na jina la ukoo la mama, cheti cha kuzaliwa kikiwa na la baba, na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ikiwa na yote mawili, mfumo wa mfadhili utakuona watu watatu. Rekebisha mapema, au ambatanisha maelezo mafupi yenye sahihi.

Makabila yenyewe pia hutoa fedha, na masharti yake hayafanani na ya mashirika. Ufadhili wa Chief Manuelito wa Navajo Nation hutazama GPA na alama za mtihani wa kuingia chuo, lakini unataka vilevile kozi ya lugha ya Kinavajo na kozi ya serikali ya Navajo. Kijana mwenye alama za juu aliyesomea Phoenix au Albuquerque, ambako shule yake haikufundisha kozi hizo, hukataliwa kwa sababu hiyo tu, ilhali angeweza kuzisoma kwa njia nyingine kabla ya kumaliza sekondari. Tunalipenda sharti hilo. Linamwambia mhandisi mtarajiwa kwamba watu wake wanamtaka mzima, na lugha yake ikiwa naye. Ila mshauri wa shule lazima amwambie mapema.

Kwenye insha, wengi huandika kwamba wanataka "kuisaidia jamii", na wasomaji wa maombi wameshaisoma sentensi hiyo mara nyingi mno kuweza kutofautisha mtu na mtu. Insha inayopita hushika tatizo moja kwa jina lake. Katika ardhi ya Wanavajo kuna migodi ya urani iliyotelekezwa zaidi ya 500, na visima kadhaa vina urani na aseniki. Anayeandika kwamba anataka haidrolojia ili kupima maji ya visima hivyo, kwamba amekwisha kusoma kemia, na kwamba chuo alichochagua kina maabara ya kupima madini ndani ya maji, ameeleza mpango. Kwa Alaska mfano ungekuwa barafu ya ardhini inayoyeyuka na mabomba yanayopasuka vijijini, au kijiji cha Newtok kilicholazimika kuhamia Mertarvik kwa sababu mto unakula ardhi. Ukitaja tatizo, sema kozi gani mbili za mwaka ujao zitakusogeza karibu nalo. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima wa shukrani.

Barua za mapendekezo ziwe mbili tofauti kweli: moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi aliyekuona ukikosea na kurekebisha, nyingine ya mtu anayekufahamu nje ya darasa. Wape wiki nne, na wape wasifu wako. Kiungo cha mtandaoni kinachotumwa na mfumo wa mfadhili mara nyingi hutupwa na kichujio cha barua pepe za shule. Mwalimu husubiri, wewe husubiri, dirisha linafungwa. Siku tatu baada ya kutuma, muulize mwalimu kama amekiona.

Sasa kwenye fedha kubwa. Cobell ni ufadhili wenye historia nzito. Elouise Cobell, mweka hazina wa Wablackfeet wa Montana, aliishtaki serikali kuu 1996 kwa kuvuruga hesabu za fedha za ardhi za watu wa asili. Suluhu ya 2009 ilikuwa ya dola bilioni 3.4, na ndani yake kulikuwa na utaratibu wa kuingiza hadi dola milioni 60 katika mfuko wa masomo kutokana na ununuzi wa vipande vya ardhi vyenye wamiliki wengi. Yeye alifariki 2011. Mfuko huo haubani fani, kwa hiyo mwanafunzi wa fizikia anashindana na wa sheria, lakini una kipengele ambacho wanafunzi wa sayansi wangepaswa kukikimbilia: fedha za masomo ya kiangazi. Tutarudi hapo. Native Forward, shirika la Albuquerque lililoanzishwa 1969 na kubadili jina 2022, ni la kwanza kutazamwa na anayekwenda uzamili au uzamivu. Udhaifu wake kwa mwombaji ni fomu ya mahitaji ya kifedha, ambayo haijazwi na mwanafunzi bali na ofisi ya misaada ya chuo. Ofisi hiyo ina foleni yake na haijui tarehe zako. Ipeleke mwenyewe, mwezi mmoja kabla, ukiwa umeandika juu kabisa tarehe ya mwisho.

Kwa uzamili na uzamivu wa sayansi peke yake, ushirika wa Sloan kwa wanafunzi wa asili, unaofanya kazi kupitia vyuo vichache vikiwemo Purdue, Arizona, Montana na Alaska, tunauweka juu sana. Huwezi kuuomba ukiwa popote, lazima kwanza udahiliwe katika idara ya chuo mshirika, lakini unakuja na washauri waliozoea kazi hiyo na kundi la wenzako wa fani ngumu.

Ufadhili wowote utakaoupata, upo mtego ambao barua ya pongezi haiutaji: chuo kupunguza msaada wake kwa sababu umepata wa nje. Tuutazame kwa hesabu. Chuo kimekadiria gharama ya mwaka kuwa dola 26,000, na familia haina cha kuchangia. Mwanafunzi anapata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, kwa kiwango cha juu, dola 7,395. Chuo kinampa ruzuku yake ya 9,000. Mkopo wa serikali wa mwaka wa kwanza ni 5,500, na kazi ndogo za chuoni 2,500. Jumla ni 24,395, pengo 1,605. Sasa anashinda ufadhili wa nje wa dola 5,000. Dola 1,605 zinaziba pengo. Zile 3,395 zilizobaki zinazidi mahitaji, na chuo lazima kipunguze kitu. Pell haiguswi. Chuo kikianza na mkopo, deni linashuka kutoka 5,500 hadi 2,105, na mwanafunzi amefaidika na kila senti. Kikianza na ruzuku yake, 9,000 inakuwa 5,605, deni linabaki palepale, na mfadhili aliyedhani anamsaidia kijana wa Pine Ridge, ardhi ya Walakota, ameisaidia bajeti ya chuo.

Maryland ilikuwa ya kwanza, 2017, kuvizuia vyuo vyake vya umma kufanya hivyo, na California ikafuata baadaye kwa wanafunzi wenye uhitaji. Pasipo na sheria kama hiyo ni suala la sera ya chuo, na sera hiyo lazima iulizwe kabla ya kusaini popote. Swali liwe la maandishi na liwe hivi: nikipata ufadhili wa nje, mnapunguza nini kwanza, na cha pili ni nini? Jibu likiwa baya, bado kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuomba makadirio ya gharama yako yapandishwe. Kanuni za serikali zinaruhusu chuo kuongeza gharama ya kununua kompyuta na malezi ya mtoto unayemtegemeza. Gharama ikipanda, mahitaji yanapanda, na nafasi ya ufadhili inapatikana. Kwa mwanafunzi wa uhandisi hili ni la kweli kabisa, maana programu za uchoraji kama SolidWorks hudai kompyuta ya Windows yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi. Njia ya pili ni kumwomba mfadhili aahirishe malipo hadi muhula au mwaka ambao msaada wa chuo ni mdogo. Ya tatu ni kumwomba aandike kwenye barua yake kwamba fedha zinalenga kupunguza mkopo na kazi, si ruzuku. Baadhi ya wafadhili wana barua ya namna hiyo tayari, ila hawaitoi mpaka iombwe.

Kodi nayo. Sehemu inayolipa ada, vitabu na vifaa vinavyodaiwa na kozi haitozwi kodi ya mapato. Inayolipa chumba na chakula hutozwa. Tunza risiti. Msaada wa masomo unaotoka kwa serikali ya kabila unaweza kusamehewa kodi chini ya sheria ya 2014 ya ustawi wa makabila, kwa hiyo usiuchanganye na mwingine kwenye hesabu zako.

Kingine ni muda wa malipo. Hundi nyingi huenda moja kwa moja chuoni baada ya chuo kuthibitisha kwamba umejiandikisha, jambo linaloweza kuisogeza hadi Septemba mwishoni. Wiki ya kwanza ya masomo ndiyo yenye gharama: msimbo wa mazoezi ya mtandaoni ya kemia, kikokotoo cha michoro, koti na miwani ya maabara. Kila kimoja kinaweza kugharimu makumi ya dola, kikokotoo na msimbo mara nyingi karibu na dola 100 kila kimoja. Asiye na msimbo hana mazoezi, na asiye na mazoezi anapoteza alama wiki ya pili. Tawi la AISES mara nyingi ndipo penye vikokotoo vya kuazima na wakubwa wanaoachia wadogo vitabu. Ofisi ya Wenyeji wa Asili ya chuo, kama ipo, huweza kutoa mkopo mdogo wa dharura. Uliza kabla ya muhula kuanza.

Kama tungeambiwa tuchague mpango mmoja wa kuwa mfano, tungechagua ANSEP, mpango wa sayansi na uhandisi kwa Wenyeji wa Asili wa Alaska, wa Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage. Herb Schroeder, profesa wa uhandisi aliyekuwa akichunguza maji na usafi vijijini, aliona kwamba wahandisi waliokuwa wakijenga mifumo hiyo hawakutoka katika watu wa vijiji hivyo. Akaanza 1995 na ufadhili wa chuo, akiwa na mwanafunzi mmoja. Kilichofuata ndicho kinachotufanya tuusifu: waligundua kwamba pesa ikija mtu akiwa na miaka 18 imechelewa. Wakarudi nyuma hadi shule za kati. Mtoto huja Anchorage, anajenga kompyuta kwa mikono yake, na anaipeleka nyumbani. Inakuwa yake kabisa akimaliza Aljebra ya kwanza kabla ya kuingia darasa la tisa. Zawadi hiyo imefungwa kwenye ngazi ileile ambayo baadaye ndiyo huwakwamisha watu. Wanaomaliza sekondari wana kipindi cha kiangazi cha kozi ya hisabati ya chuo pamoja na kazi ya kulipwa kwa mashirika washirika. Wakiingia chuo wanasoma kwa vikundi na wana mkutano wa kila wiki ambao haukwepeki. Udhaifu wake ni kwamba uko Alaska.

Umuhimu wa ngazi hiyo huonekana kwenye ratiba. Shahada ya uhandisi ya miaka minne hudhani kwamba mwanafunzi ataanza na Kalkulasi ya Kwanza muhula wa kwanza. Sekondari nyingi za vijijini hazifundishi kalkulasi. Mtihani wa kupangiwa darasa unamweka mwanafunzi kwenye aljebra ya chuo, kisha trigonometria na matayarisho ya kalkulasi, ndipo aguse kalkulasi mwaka wa pili. Fizikia ya uhandisi huisubiri kalkulasi, na statiki, somo la nguvu katika vitu visivyosogea, huisubiri fizikia. Miaka minne imekuwa mitano, huku fedha nyingi hutolewa kwa mihula minane. Njia ya kuuokoa mwaka huo ni kiangazi: kozi mbili za hisabati kabla ya mwaka wa pili, zikilipwa na Cobell ya kiangazi au na kabila. Kabla ya kukubali ufadhili wowote, muulize mfadhili kama analipia kiangazi na kama muhula wa tisa na wa kumi unawezekana.

Ndiyo maana vyuo vya makabila visidharauliwe. Diné College ya Wanavajo ilianzishwa 1968 na leo vyuo vya namna hiyo vipo zaidi ya thelathini. Navajo Technical University ya Crownpoint, New Mexico, ina shahada za uhandisi wa umeme na wa viwanda zenye ithibati ya ABET, chombo kinachokagua shahada za uhandisi. Salish Kootenai College ya Pablo, Montana, wanafunzi wake walisanifu BisonSat, setilaiti ndogo iliyorushwa Oktoba 2015. Ada ni ndogo kiasi kwamba ufadhili uleule wa College Fund unaolipa vitabu tu kwingine, hapa hulipa muhula. Madarasa ya hisabati ni madogo. Kinachoharibika ni uhamisho: anayesoma miaka miwili kisha kuhamia chuo kikuu akute fizikia yake haikutumia kalkulasi na hivyo haihesabiwi. Pata makubaliano ya uhamisho kwa maandishi, kozi kwa kozi, muhula wa kwanza.

Tena kuna vyuo vilivyofuta ada kabisa. Fort Lewis College ya Durango, Colorado, chini ya makubaliano ya 1911, na University of Minnesota Morris, kwa ahadi ya 1909, hawawatozi ada wanafunzi wa asili wanaostahili. Michigan ina sheria ya 1976 kwa mkazi wa miezi 12 mwenye robo ya damu. Kote huko chumba na chakula vinabaki kwako, na hilo ndilo tundu ambalo ufadhili wa nje unapaswa kuziba.

Ufadhili wa Indian Health Service kwa fani za afya hulipa ada na posho ya kila mwezi, ila ni mkataba. Unalipa kwa kufanya kazi katika vituo vya afya vya Wenyeji wa Asili, miaka isiyopungua miwili. Anayeuvunja anaweza kudaiwa mara tatu ya alichopewa, pamoja na riba. Kwa aliyeamua kurudi nyumbani kuwa mfamasia au daktari, hakuna bora zaidi. Kwa ambaye bado anasitasita kati ya udaktari na utafiti, usisaini.

Kanada ina Indspire, ambako fomu moja humfungulia mwanafunzi wa First Nations, Inuit au Métis ufadhili wa aina nyingi, na dirisha hufunguliwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa urahisi wa maombi, hakuna wa Marekani anayeikaribia.

Wasomaji wa Afrika Mashariki walioko Marekani huuliza kama Mmaasai, Mhadzabe au Mbatwa anahesabiwa. Hahesabiwi. Fedha hizi zinawahusu watu wa asili wa Marekani Kaskazini, na baadhi huongeza Hawaii na visiwa vya Pasifiki. Lakini mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mnavajo au Mlakota na mwingine ametoka Kigoma au Bukavu ana haki kamili akiandikishwa, na uandikishaji wake usicheleweshwe kwa kudhani kwamba jina la Kiafrika litaleta tatizo.

Ukishapata, kinachopoteza ufadhili kuliko vyote ni idadi ya vipimo vya kozi, yaani uzito ambao kila kozi huhesabiwa kwao (credits). Muda wote maana yake ni vipimo 12 kwa muhula. Ratiba ya kawaida ya mwaka wa kwanza ni kalkulasi 4, kemia na maabara 4, uandishi 3, utangulizi wa uhandisi 3: jumla 14. Ukiacha kalkulasi wiki ya saba, umebaki na 10, na mfadhili anaweza kudai fedha zake. Ukishikilia ukafeli, GPA inashuka chini ya 3.0. Kabla ya kuacha kozi, tafuta kwenye orodha ya chuo kozi ya vipimo 2 au 3 inayoanza katikati ya muhula, jiandikishe hiyo kwanza, ndipo uache kalkulasi siku hiyohiyo. Kisha mwandikie mfadhili wiki hiyo, si mwisho wa muhula, ukimweleza muhula utakaorudia kalkulasi na nani atakufundisha ziada. Angalia pia kanuni ya maendeleo ya chuo: katika vyuo vingi anayeacha zaidi ya theluthi moja ya vipimo alivyojiandikisha husimamishiwa msaada wa serikali, hata kama GPA yake ni nzuri.